Darubini kwenye bunduki ya kijeshi: pima shavu kwanza

Bunduki nyingi za kijeshi zilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma. Kitako kilishushwa makusudi ili shavu likilala juu ya mbao, jicho liangukie moja kwa moja kwenye kilengeo cha nyuma. Ukipachika darubini juu yake, mstari wa kulengea unapanda sentimita mbili, tatu, wakati mwingine nne, lakini kitako kinabaki palepale. Shavu linaondoka kwenye mbao, unaanza kuegemeza kidevu, shingo inakakamaa, na picha ndani ya darubini inakuja na kupotea.

Niliyajua haya baada ya kuteketeza risasi nyingi. Bunduki yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa na reli ya pembeni, yaani ukanda wa chuma wa kushikia darubini, na nilitumia siku nzima kuzungusha vitufe vya darubini nikiamini kioo kibovu. Matundu yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye karatasi bila mpangilio, huku kulia na kushoto yakiwa sawa kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa meza ya pili alinitazama kwa muda, akavua skafu yake, akaikunja mara nne, akaifunga juu ya kitako changu kwa kamba ya kiatu. Risasi tano zilizofuata zilikaa pamoja. Darubini haikuwa na kosa lolote. Kichwa changu ndicho kilichokuwa hakina pa kutua.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu unatofautiana kidogo na uliouzoea. Watu wengi hufunga darubini, hulenganisha shabaha, kisha ndipo hukumbuka shavu. Anza na shavu.

Kabla ya kushika spana

Toa magazini. Vuta bolti (kipande kinachofunga mtutu kwa nyuma) nyuma, tazama ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa, kwa macho yako, kisha ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Risasi zote zipeleke chumba kingine, hata ile moja ya ukumbusho iliyo mezani. Kama bolti inatoka, itoe. Katika kazi hii utaibeba bunduki begani mara nyingi sana, jicho likiwa kwenye kioo na akili ikiwa kwenye skrubu, na hapo ndipo watu husahau. Mdomo wa mtutu uelekee upande salama muda wote.

Soma pia masharti ya leseni yako. Zipo nchi ambazo darubini yenyewe haina shida lakini kubadilisha kitako kunahitaji kibali. Na kama bunduki ni ya zamani na bado ina namba zake za asili zinazofanana kwenye sehemu zake zote, usiitoboe. Tundu moja la skrubu linaondoa thamani ambayo hairudi, wakati vipachiko visivyohitaji kutoboa vipo kwa karibu kila bunduki maarufu.

Ijue bunduki yako inashika darubini wapi

Hapa ndipo bunduki za kijeshi zinapotofautiana, na kosa la hapa halirekebishiki baadaye.

Jamii ya AK ina mfuniko wa juu wa bati jembamba unaotoka kila unaposafisha. Darubini iliyofungwa kwenye mfuniko wa kawaida haitabaki mahali pake. Tumia reli ya pembeni, upande wa kushoto wa risiva (mwili wa chuma unaobeba bolti), kama bunduki yako inayo. Kipachiko chake kinashika kwa kibano cha chuma chenye mkono wa kubana. Mkono ule ukifungwa bila kukupa upinzani wowote, urekebishe kabla ya kuendelea. SKS ina tabia hiyohiyo ya mfuniko unaotoka, tena inarusha maganda kwa nguvu kuelekea juu, hivyo darubini iliyokaa chini sana itapigwa nayo.

M14 na ndugu zake za kiraia hupokea kipachiko upande wa kushoto wa risiva, kikisaidiwa na sehemu ya kuingizia klipu (kibanio cha risasi) kwa juu. Kinashika vizuri kikifungwa vizuri, lakini kinaiweka darubini juu mno. Mwenye bunduki hii bila egemeo la shavu analenga kwa taya.

AR-15 ni hadithi nyingine. Kitako chake kiko kwenye mstari mmoja na mtutu, kwa hiyo tangu mwanzo vilengeo vyake viliwekwa juu. Toleo lenye risiva ya juu iliyo bapa linachukua darubini ambayo katikati yake iko takriban milimita 38 juu ya reli, na shavu hukaa vizuri bila nyongeza. Tatizo linarudi ukifunga darubini juu ya mkono wa kubebea wa toleo la zamani. Hapo hata kidevu hakifiki. Na usigawanye pete zinazoshika darubini, moja kwenye risiva na nyingine kwenye kifuniko cha mkono mbele ya risiva. Sehemu hizo mbili hujipinda kila moja kivyake mtutu ukipata joto au ukiegemea kitu. Tafuta kipachiko cha kipande kimoja kinachojitokeza mbele.

Mauser K98 na Mosin-Nagant zina shida ya bolti. Mkono wa bolti uliosimama utagonga darubini unapouinua, ndiyo maana Wasovieti walipoweka darubini ya PU yenye ukuzaji wa 3.5 kwenye Mosin ya 91/30 waliurefusha na kuupinda mkono huo kuelekea chini. Kwenye Mauser, sefti (kizuizi cha kufyatua) yenye bawa inayozunguka juu ya mkia wa bolti nayo itagonga. Kazi ya kupinda bolti ni ya fundi bunduki mwenye moto na vifaa, si ya nyundo nyumbani, kwa sababu joto likisafiri hadi kwenye meno ya bolti linaharibu ugumu wa chuma pale ambapo maisha yako yanategemea.

M1 Garand ya Wamarekani hulishwa klipu ya risasi nane kutoka juu, hivyo darubini haiwezi kukaa katikati. Matoleo yake ya walenga shabaha, M1C na M1D, yaliisogeza kushoto na kuongeza pedi ya ngozi iliyofungwa kwa kamba pembeni mwa kitako. Waingereza kwenye Lee-Enfield No. 4 (T) walipigilia kipande cha mbao juu ya kitako kwa skrubu. Dragunov SVD ya Wasovieti, iliyoanza kutumika 1963, ilipewa egemeo la shavu linalovuliwa, ili askari akirudi kwenye vilengeo vya chuma aweze kushusha kichwa. Majeshi matatu yalikumbana na tatizo lile lile, na kila moja lilitumia alichokuwa nacho fundi wake: ngozi, mbao, bati.

Kuhusu reli: ile ya Picatinny, iliyosanifishwa Marekani mwaka 1995, ina mifereji ya milimita 5.23 iliyopangwa kwa umbali sawa wa milimita 10 hivi. Ya Weaver ina mifereji myembamba zaidi. Pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny. Za Picatinny mara nyingi hazikai kwenye Weaver. Usipige faili ili zikae.

Pima tofauti ya urefu

Chukua rula. Pima kutoka katikati ya mtutu hadi ncha ya kilengeo cha mbele. Kisha pima kutoka katikati ya mtutu hadi katikati ya darubini ikiwa imewekwa tu juu ya pete zake bila kukazwa. Toa namba ndogo kwenye kubwa. Tuseme umepata 28 na 63: shavu lako linahitaji kupanda milimita 35, ikiwa vilengeo vya chuma vilikuwa vinakufaa. Kama hata hivyo vilikuwa vinakulazimisha kubonyeza shavu kwa nguvu, anza na chini kidogo ya hapo.

Ukiona tofauti ni kubwa mno, jiulize kwanza kama pete zinaweza kushuka. Darubini iwe chini kadiri inavyowezekana bila kugusa mtutu, bolti, sefti au kilengeo cha nyuma. Acha nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya kioo cha mbele na mtutu, na ukumbuke kifuniko cha kioo nacho kina unene.

Sasa kata vipande vya povu gumu, lile la mikeka ya mazoezi ambalo halinywi maji. Sponji ya godoro haifai: inabonyea leo hivi na kesho vile, na ikilowa ndiyo basi. Panga vipande juu ya kitako hadi ufikie urefu uliopima, vifunge kwa utepe wa karatasi ambao hauachi gundi. Hili ni egemeo la muda. Litakuongoza katika hatua zote zinazofuata.

Umbali wa jicho

Kabla ya kusogeza darubini mbele au nyuma, maliza habari ya urefu wa kitako. Vitako vingi vya kijeshi ni vifupi, vikitarajia koti nene begani. Kama unakusudia kuongeza pedi ya mpira mwishoni, ifunge sasa, kwa sababu kila sentimita ya pedi inarudisha kichwa chako nyuma.

Weka darubini kwenye pete, kaza kidogo tu kiasi iweze kusogea kwa mkono. Ipandishe hadi ukuzaji wake mkubwa kabisa. Huko ndiko nafasi ya jicho inakuwa finyu. Funga macho. Beba bunduki, laza shavu juu ya egemeo, legeza shingo kabisa, kana kwamba unasinzia. Fungua macho.

Picha kamili, duara safi bila giza: vizuri. Duara dogo lenye giza pande zote: darubini iko mbali mno au karibu mno, isogeze. Kivuli cha mwezi mwandamo upande mmoja: kichwa hakiko katikati. Inua kichwa polepole. Kivuli kikitoweka ukipanda, egemeo liko chini. Kikitoweka ukishuka, umezidisha povu.

Rudia mara kumi, na rudia katika mkao utakaoutumia kweli. Ukilala kifudifudi kichwa hujisogeza mbele. Ukiketi mezani kinarudi. Kama unapiga mikao yote, tafuta mahali pa katikati, ila usiiruhusu darubini ikaribie jicho kuliko mtengenezaji anavyosema. Nyingi zinataka kati ya milimita 75 na 100. Bunduki inapopiga teke, ukingo wa darubini unarudi nyuma pamoja nayo, na nyusi iliyopasuliwa na chuma haipendezi wala haifundishi kulenga, inafundisha kuogopa.

Kunyoosha msalaba

Ning'iniza timazi umbali wa mita kumi au zaidi. Iweke bunduki kwenye mifuko ya mchanga, iwe sawa kwa pimamaji iliyolazwa kwenye reli au sehemu bapa ya risiva, kisha zungusha darubini hadi mstari wa wima wa msalaba unaouona ndani yake ulingane na uzi. Usiamini jicho begani: watu wengi huinamisha bunduki kidogo bila kujua, wakanyoosha msalaba kufuata upotovu wao. Katika mita 100 hutaona tofauti kubwa. Ukianza kupandisha vitufe kwa umbali mrefu, risasi zitatembea pembeni.

Kukaza

Futa mafuta kwenye skrubu na ndani ya pete kwa kitambaa na spiriti. Pete kavu ndiyo inayoshika. Kwanza sukuma kipachiko mbele hadi kigote kwenye ukingo wa mfereji wa reli, ndipo ukaze nati ya chini, ili teke la kwanza lisikisogeze.

Skrubu za juu za pete kaza kwa kupokezana, robo mzunguko kila moja, ukitazama mwanya wa pande zote mbili ubaki sawa. Tumia bisibisi ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Pete nyingi zinataka niutoni-mita 1.7 hadi 2, nati kubwa za kipachiko cha Picatinny mara nyingi karibu 7, lakini namba ya mtengenezaji wako ndiyo sheria. Mkono wenye hasira hubonyeza bomba la darubini, na bomba lililobonyea hufanya vitufe vikwame ndani. Gundi ya skrubu, ile inayofunguka, iweke kwenye msingi unaoingia kwenye risiva. Kwenye pete usiiweke: inateleza kabla ya kukauka, na utakaza kupita kiasi ukidhani bado.

Ukimaliza, chora kwa rangi mstari mwembamba unaovuka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma cha jirani.

Egemeo la kudumu

Sasa unajua urefu halisi, kwa kuwa umelalia povu lile muda wote. Chagua unachoweza kutengeneza au kununua: pedi ya ngozi yenye matundu na kamba, mfuko wa kitambaa wenye mikanda na vipande vya povu vya kupandisha na kushusha, au plastiki ngumu iliyokunjwa kwa joto na kufungwa kwa skrubu za kuzungusha kwa mkono. Ninaipenda ya ngozi na kamba kwa bunduki ya mbao. Haiharibu kitu, inavuliwa kwa dakika mbili, na ukiifunga kwa kamba iliyolowa kidogo inakaza yenyewe ikikauka. Chini ya ngozi napanga povu tabaka kwa tabaka, kila moja milimita tano, ili nikivaa koti niweze kuondoa moja.

Mambo matatu hukosewa mno hapa.

La kwanza ni unene wa pembeni. Ukiwa na darubini iliyo katikati, weka povu juu ya kitako tu. Ubavuni ngozi tupu inatosha. Povu la ubavuni linasukuma kichwa nje, na jicho linakosa mstari kwa upande. Mwenye Garand ya darubini iliyo kushoto anahitaji kinyume chake: unene ubavuni, kwa sababu jicho lake linatakiwa lihamie kushoto.

La pili ni mteremko. Sehemu ya mbele ya egemeo iwe chini kidogo kuliko ya nyuma. Bunduki inaporudi, sehemu ya chini ndiyo inayoingia chini ya shavu, hivyo egemeo linaukimbia uso. Ukigeuza mteremko, kila risasi ni ngumi kwenye mfupa wa shavu. Kwenye bunduki ya risasi nzito utaacha kupiga kabla ya kisanduku kuisha.

La tatu ni bolti. Rudisha bolti sehemu yake, ivute hadi mwisho. Egemeo lililo mbele mno litaizuia, au litakuzuia kuitoa unaposafisha. Kwa kitako kinachokunjwa, kikunje uone. Kama kitako kina mlango wa vifaa vya kusafishia, fungua uone kama kamba haiufungi.

Shavu likilala ipasavyo, uzito wa kichwa unabebwa na mfupa wa shavu, si misuli. Hubonyezi, hunyanyui. Mwambie mtu akuangalie kwa pembeni: shingo ikionekana imenyooka kama ya anayechungulia ukutani, ongeza tabaka.

Uwanjani

Anza mita 25. Kwa bunduki ambayo bolti yake inatoka, itoe, iweke bunduki imara kwenye mifuko, tazama shabaha kupitia mtutu, kisha leta msalaba pale pale bila kusogeza bunduki. AK hairuhusu hilo, hivyo weka karatasi kubwa na upige risasi moja moja.

Darubini ikiwa sentimita 7 juu ya mtutu na ukitaka risasi itue unapolenga kwa mita 100, risasi katika mita 25 itue sentimita 3 hadi 4 chini ya unapolenga, kwa risasi za kawaida za 5.56 na 7.62×39. Wengi huiweka katikati kabisa hapo, kisha hushangaa kuona mita 100 wako juu sana. Hesabu ya vitufe nayo huchanganya: mlio mmoja wa kitufe wa robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya 60 ya digrii) ni milimita 7 kwa mita 100, lakini kwa mita 25 haufiki hata 2. Kwa darubini ya miliradiani, kipimo kingine cha pembe, mlio mmoja wa kawaida ni sentimita moja kwa mita 100, robo yake kwa 25.

Sogea mita 100. Piga risasi tatu, ondoa shavu, simama, pumua, rudi, piga tatu nyingine. Huko kuondoka na kurudi ndiko kipimo cha egemeo lako. Makundi mawili yakitua pamoja, shavu linarudi mahali pamoja. La pili likihama juu au chini, usiguse vitufe. Rudi kwenye povu. Darubini nyingi zisizo na kirekebisho cha umbali zimesetiwa kwa umbali mmoja kiwandani, na kwa umbali mwingine wowote jicho likitoka katikati msalaba unahama juu ya shabaha hata bunduki ikiwa imetulia tuli. Jaribu mwenyewe bunduki ikiwa kwenye mifuko: chezesha kichwa bila kuigusa, uone msalaba unavyotembea.

Baada ya risasi ishirini, tazama mistari ya rangi kwenye skrubu. Uliokatika ni skrubu iliyolegea. Safisha, kaza kwa toki ileile, chora upya, piga kundi jingine. Kagua pia kamba za egemeo, maana ngozi mpya hunyooka kidogo siku ya kwanza. Mimi huzifunga tena jioni nikirudi, kisha nafumba macho, nabeba bunduki tupu, nafumbua. Duara likiwa kamili, naifungia kabatini.